Nzi wa shangazi

Jana binti yangu kaniuliza kama mmea wa dirishani husikia njaa. Nikamkumbuka shangazi na kipande cha kuku alichotaka kuulisha.

Ilikuwa Agosti, kaja London kututembelea. Shangazi mnamjua, haingii nyumba ya mtu akakaa kitako. Kesho yake tu nikamkuta amekinga kikombe bombani, anataka kuinywesha Dionaea, mmea wangu wa dirishani ambao ncha za majani yake ni mitego ya kunasa wadudu. Nikamfunulia birika aone ule ukoko mweupe. Maji ya hapa yamejaa chokaa, na mmea huu kwao ni vinamasi vya Carolina, Marekani, udongo fukara kabisa. Mizizi yake huungua kwa chumvi za madini, mbolea ndiyo usiseme. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na chumvi nyingi zinabaki. Hupandwa kwenye mboji ya sphagnum, kuvumwani wa vinamasini, isiyotiwa mbolea, sehemu mbili kwa moja ya perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mawe, chungu kikae ndani ya kisahani chenye sentimita moja au mbili za maji ya mvua. Mvua ikigoma, nunua maji yaliyokenekwa, yale ya pasi, ila soma chupa: mengine yana manukato.

“Haya, maji sawa. Na kuku?”

Kuku hapana. Mtego ukifunga, huendelea kusikiliza kama kilichomo kinafurukuta. Kisipofurukuta, kwa kawaida haubani sawasawa, na nyama inaoza humo pamoja na jani. Hata nzi asizidi theluthi ya mtego, maana mguu ukichungulia nje, uozo huingilia hapo hapo. Chakula chenyewe si cha kushibisha. Wanga mmea hujipikia kwa jua. Kwa nzi unatafuta nitrojeni.

Shangazi hakuridhika, akavuta kiti. Nzi akatua ukingoni, akaanza kulamba utomvu mtamu. Ndani, kila upande una vinyweleo vitatu, vyembamba hata usipoangalia kwa karibu huvioni. Akagusa kimoja. Kimya. Shangazi akanitazama kama niliyemuuzia saa mbovu. Nikamwonyesha kwa kidole asubiri, kwa kuwa mguso mmoja huweza kuwa tone la mvua. Sharti uje wa pili ndani ya sekunde kama ishirini. Nzi akasimama, akasugua mikono yake ile ya mbele, taratibu, kama anayenawa kabla ya kula. Nilikuwa nahesabu moyoni. Kumi. Kumi na mbili. Akageuka, akapiga hatua moja, na mtego ukafumba kabla hatujapepesa. Meno yake yakapishana kama vidole vya mtu anayeomba dua, na kati yake bawa likawa linalia zzz.

“La haula!” Shangazi akarudisha kiti nyuma.

Akasema una adabu, haukurupukii chakula. Mimi naona ni ubahili tu: jani moja hufunga mara chache kisha linakuwa jeusi, na likifunga bure hupoteza kama siku nzima kujifungua. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mtego ulipofunguka, ganda la nzi limekauka ndani, shangazi alikuwa amesharudi Tanga. Sasa hunipigia hata Desemba kuuliza kama umekula, na kila mwaka namweleza upya kwamba wakati wa baridi unalala, majani meusi si kifo, usitupwe, uwekwe penye ubaridi chini ya nyuzi kumi na udongo ubaki na unyevu kidogo. Hasadiki. Anasema namnyima mtoto wa watu chakula.