Chiti ya Sukari

Kwa miaka 15 nilikuwa mchukuzi wa sukari. Kila mwezi, nikishapokea mshahara wangu wa ualimu mjini Kampala, nilipanda taksi ya kwenda Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi, nikiwa nimepakata mfuko wenye vitu vilevile: mkate, mche wa sabuni, nyama kilo moja na sukari kilo mbili. Mama hakuwahi kuniagiza sukari, wala hapakuwa na haja ya kuagiza, kwa sababu kwetu mtoto mwenye kazi akirudi kwa mzazi wake bila sukari majirani huuliza kama amefukuzwa. Taksi iliposimama Najjembe, kando ya msitu wa Mabira, ambapo wachuuzi hukimbilia madirisha wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, niliongeza gonja tatu juu ya mfuko, maana Mama alizipenda zikimfikia na joto kidogo.

Ninayoyakumbuka hapa yalitukia Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2015. Mama alikuwa na miaka 65, na bado aliishi Walukuba, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Jinja, ambao kwa kuwachanganya Wasoga, Waacholi, Waiteso, Walugbara na watu wa ng'ambo ya mpaka wa Kenya ulitulea sote katika Kiswahili. Nilimkuta amekonda. Gauni lilikuwa limemlegea mabegani, na kila baada ya muda mfupi aliinuka kwenda mtungini kunywa maji, akatoka mtungini kwenda msalani, akarudi tena mtungini. Dada yangu mdogo, anayeishi naye, alinivuta pembeni akaniambia mambo mawili: kwamba usiku Mama huamka mara nne au tano kukojoa, na kwamba sisimizi wamejichongea njia hadi kwenye kopo analolitumia usiku. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari, lakini habari ya sisimizi ilinitosha, maana sisimizi hufuata sukari, hata iliyo kwenye mkojo.

Karibu na soko palikuwa pamesimamishwa hema la kupima watu bure, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Siku ya Kisukari Duniani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, ambaye mwaka 1921, akiwa na Charles Best mjini Toronto, aligundua insulini. Asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba Mama hakukubali kwenda kliniki kwa ajili ya kidonda cha kisigino ambacho kilikuwa na wiki sita bila kufunga, ila neno "bure" lilimfanya atafute viatu.

Muuguzi alikuwa kijana mpole, wa umri wa kuwa mjukuu wake. Alimfuta kidole, akakichoma, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha mashine ndogo, na baada ya muda mfupi mashine ikaonyesha 17.2. Aliuliza kama Mama alikuwa amekula, nami nikajibu kwa niaba yake kwamba alikuwa amekunywa chai mbili. Akasema kwamba hata kwa mtu aliyekwisha kula, kuanzia milimoli 11.1 kwa lita, akiwa na kiu na mkojo wa namna ile, jambo haliachwi. Kwamba Jumatatu tumlete kituo cha afya kabla hajatia kitu kinywani, na huko kiwango kinachotazamwa ni 7.0.

Mama aliyaacha hayo yote yapite, kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa la maana. "Mwanangu, kama sukari ni nyingi hivyo mwilini, mbona nakonda?"

Kijana akamweleza kwamba sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye nyama ya mwili, kwa sababu ile insulini inayotengenezwa na kongosho, ambayo ndiyo huiruhusu iingie, imepungua au mwili umeacha kuisikiliza. Mama alinyamaza akikitazama kidole chake.

"Basi ni kama wakati wa Amini," alisema. "Sukari iko ghalani, sisi tuko kwenye laini, na chiti hatuna."

Muuguzi alinitazama, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Nikamfafanulia, akacheka kwa furaha ya mtu aliyepewa kitu atakachokitumia kesho. "Hasa, Mama. Insulini ndiyo chiti." Akaendelea kumwambia kwamba mwili ukikosa kile kilichoko ghalani hujila wenyewe, ndiyo maana ya kukonda, na kwamba figo huitoa nje kwa mkojo ile iliyozidi, nayo hutoka ikivuta maji, ndiyo maana ya kiu. "Inatokea mlango wa nyuma," Mama akasema. "Hiyo ni magendo. Na wale sisimizi ni mafuta mingi."

Hapana budi niseme kidogo juu ya chiti, kwa sababu bila hiyo sitaeleweka kwa nini jioni ile iliharibika. Idi Amin alipotangaza Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke katika siku 90, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilibaki bila familia zilizovianzisha, na uzalishaji ukaporomoka mwaka hata mwaka hadi, kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, ukawa karibu si kitu. Kakira iko mwendo mfupi tu kutoka kwetu, kwenye barabara ya Iganga. Tuliishi jirani na mashamba ya miwa tukakosa sukari ya kutia kwenye uji. Aliyekuwa na mtu mkubwa wa kumwandikia chiti, yaani kikaratasi cha ruhusa, alipata kilo yake dukani kwa bei ya serikali, na mwingine alinunua ya magendo iliyovushwa kutoka Kenya, kwa wale matajiri wapya waliogawiwa maduka na kupewa na watu jina la mafuta mingi. Baba alikuwa kibarua kiwandani na hakumjua mtu yeyote mkubwa. Tulikunywa chai kwa chumvi. Nakumbuka vizuri kwamba Mama alikuwa na sukari kidogo aliyoifunga kwenye fundo la leso, ya wageni tu, na alipokuwa akiifungua sisi watoto tulitumwa nje tukateke maji, hata kama mitungi ilikuwa imejaa.

Haya niliyajua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuyakumbuka mtu akiwa ameshika birika ni jambo jingine. Tuliporudi nyumbani nilijipa cheo cha daktari. Nililichukua kopo la sukari, pamoja na zile kilo mbili nilizozileta mwenyewe, nikalifungia kabatini. Nikachemsha chai ya maziwa, nikammiminia Mama katika kikombe chake cha bati chenye maua, nikakiweka mbele yake bila kitu. Alionja. Akakirudisha mezani polepole, akakigeuza mkono wa kikombe uelekee kwangu.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

Nilianza kueleza kwa tarakimu, kwa kuwa ndizo ninazozijua. Mama alitia vijiko vinne katika kikombe, na alikunywa vikombe vinne kwa siku, jumla vijiko 16. Kijiko cha chai kina gramu nne hivi, kwa hiyo gramu 64. Na muuguzi alikuwa amenidokezea kwamba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu asipitishe asilimia 10 ya nguvu anayoipata katika chakula kutoka kwenye sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana ashuke chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 au vijiko sita. Hesabu ilikuwa sahihi. Niliisema kwa sauti ya darasani, na katikati ya maneno yangu niliona kwamba Mama hanisikilizi; alikuwa akiutazama mlango wa kabati.

Wakati huo pakabishwa hodi. Ulikuwa msimu wa kampeni, uchaguzi ukingojewa Februari, na kijana mmoja wa mgombea fulani alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kavera, yaani mifuko ya plastiki, za sukari, nusu kilo kila nyumba. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akamwombea dua, akamkaribisha chai ambayo kijana hakuwa na nafasi ya kuinywa. Alipokwenda, Mama aliiweka ile kavera mezani, kati ya kikombe chake na mimi. "Hata huyu," alisema, "nisiyemzaa, anajua mtu mzima anapewa nini."

Dada yangu, ambaye kwa kawaida hujiepusha na ugomvi wetu, alikuwa jikoni akizipasha moto gonja. Alizileta kwenye sahani akauliza, kwa upole ambao haukunidanganya, "Na hizi, Mwalimu, ziende kabatini au zibaki?" Ndipo nikakumbuka kwamba muuguzi hakuzungumzia chai peke yake. Alisema kwamba posho, yaani ugali, mihogo, mkate mweupe na gonja iliyoiva vyote huishia kuwa sukari katika damu. Kwamba hakuna haja ya kuviacha, ila kupunguza kipimo, nusu ya sahani iwe mboga za majani kama nakati au dodo, na maharage au mukene, wale dagaa, visikosekane. Mimi nilikuwa nimechagua kusikia sehemu iliyonihusu kidogo na kuiacha ile iliyotoka mfukoni mwangu. Hata jirani yetu, bibi wa nyumba ya pili, aliyekuja usiku na chupa ya asali akisema kwamba asali ni ya nyuki na haina ubaya, hakuwa mbali nami. Kila mmoja wetu alikuwa na sukari yake aliyoiondoa kwenye hesabu. Ile ya asali, kwa taarifa, hupanda katika damu kama nyingine, na sukari guru, ile ya miwa isiyosafishwa, vilevile.

Asubuhi nilimkuta Mama ameamka kabla yangu. Kabati lilikuwa wazi. Funguo sikumpa, na sikuuliza alikozipata. Kopo la sukari lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, mahali pake pa siku zote. Alikuwa amechuma mchaichai nyuma ya nyumba, akauchemsha na tangawizi, na mbele yangu alitia kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kidole, akakoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwezi huu kimoja," alisema. "Mwezi ujao nusu. Amini mwenyewe hakuimaliza kwa siku moja." Kisha akanisukumia kopo. "Wewe ni mgeni. Tia."

Nilitia. Sikuwa na hamu, lakini nilitia vijiko viwili, na alinitazama mpaka nikamaliza kikombe.

Nilimpigia simu mwalimu mkuu kuomba ruhusa nikabaki. Jumatatu, kabla ya kula, kipimo kilikuwa 12.1. Alipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, ya miligramu 500, ameze pamoja na chakula, na kidonda kikaoshwa na kufungwa kwa mara ya kwanza na mtu aliyejua anachokifanya. Alinisindikiza hadi kituo cha taksi akichechemea kidogo. Taksi ilikuwa imekwisha kuwashwa alipokuja dirishani akaniuliza, "Sasa ukija utashika nini mkononi?" Sikupata jibu, na taksi iliondoka.

Nilirudi tarehe 28, Jumamosi ambayo Papa Fransisko alikuwa Namugongo, nje kidogo ya Kampala, na taksi yetu ilitoka Kampala karibu tupu huku ng'ambo ya barabara mahujaji wakimiminika kuingia. Najjembe sikununua kitu. Mfukoni nilikuwa na sabuni, mukene wakavu, karanga, na jozi ya viatu vyenye soli laini visivyobana kisigino. Mama aliupokea mfuko, akaupimapima kwa mkono mmoja jinsi wanavyofanya wauza kuku, asiseme neno. Alitoa kitu kimoja kimoja akavipanga mezani, akavijaribu viatu, akatembea navyo hadi mlangoni na kurudi. Halafu akautia mkono ndani ya mfuko tena, hadi chini kabisa, akapapasa pembe zote mbili. Alipoutoa, aliukunja mfuko mara nne akaupeleka chini ya godoro, pale anapoweka mifuko yote.