Apdeti iingie tu, ruti inabaki

Juzi usiku apdeti ya mwezi imeingia kwenye simu, nimewasha upya, nikafungua Magisk (app inayotoa ruti), ruti, yaani ile ruhusa kamili ya kubadili mfumo wa simu, ipo palepale na moduli zote (nyongeza za Magisk) zipo, na sijagusa kompyuta hata kidogo. Nikasema hili lazima niliandike, maana nimeteseka nalo sana na najua kuna watu saivi wamekaa na simu ina matoleo matano nyuma kwa kuogopa kupoteza ruti.

Natumia Pixel 7, yuzdi, nimeichukua Kariakoo. Kabla sijatoa hela nilimwomba muuzaji niiunganishe na intaneti niingie kwenye menyu ya wasanidi programu niangalie swichi ya kufungua OEM, ile inayoruhusu kufungua butiloda (programu inayowasha mfumo wa simu), inawashika au imefifia. Usiruke hapo, kuna Pixel zinazouzwa na makampuni ya mitandao kule Marekani na butiloda yake haifunguki, fundi yeyote atakayekwambia subiri nikufanyie anakupotezea muda. (Ila intaneti iwepo kweli, bila intaneti swichi inaweza kufifia hata kwenye simu isiyo na tatizo.)

Kwanini niliruti? Bando. AdAway inazuia matangazo kwenye simu nzima kupitia faili la hosts, na kwa mtu anayenunua bando kila wiki ile tofauti unaiona. Alafu kuna ACC, moduli ya kudhibiti chaji, naiambia chaji isimame kwenye 80 hata nikiiacha kwenye umeme usiku kucha. Hivi vitu viwili siviachii.

Sasa tatizo lilikuwa apdeti. Mwanzoni nilikuwa nafanya kama nilivyoona watu wanafanya, napakua faili kamili la Google, naendesha flash-all (skripti, yaani faili la amri, la kuandika mfumo upya) kwenye kompyuta, naanza upya. Siku moja nikasahau kufuta ile -w ndani ya skripti. Hiyo -w maana yake ni futa data zote, na ikafuta. Picha nilikuwa na nakala lakini rekodi za sauti za bibi akinisimulia mambo ya Pangani zilikuwa kwenye simu tu, na bibi ameshatangulia mbele za haki. Bado inaniuma. Kwa hiyo ukiona -w, ifute kabla hujaendesha kitu, na weka nakala nje ya simu, hata kwenye flashi.

Baada ya hapo ndo nikakaa chini nielewe kinachotokea. Pixel zote tangu ile ya kwanza ya 2016 zina sloti mbili za mfumo, A na B. Ni kama nyumba ya vyumba viwili, wewe unalala chumba A huku fundi anapaka rangi chumba B, akimaliza unahamia B. Apdeti inaandikwa kwenye sloti ambayo hutumii, ukiwasha upya unahamia huko. Magisk yenyewe haigusi partisheni (sehemu ya hifadhi) ya mfumo, inarekebisha faili moja tu la kuwashia simu, boot, au init_boot kwa simu zilizotoka na Android 13 kwenda mbele kama hii yangu. Kwa hiyo ruti huwa haifutwi, inabaki chumba A na wewe umeshahamia B. Nilipoelewa hapo kila kitu kikakaa sawa.

Basi mpangilio ni huu, na mpangilio ndo kila kitu. Kwanza nazima masasisho ya kiotomatiki kwenye menyu ya wasanidi ili simu isijiamulie yenyewe usiku. Apdeti ikitoka nafungua Magisk, naenda sehemu ya kuondoa, nachagua kurudisha faili za asili, na SIWASHI upya. Hii ni kwa sababu apdeti ndogo, inayobadilisha vipande tu vya mfumo, inakagua partisheni kama ni zilezile za Google, ikikuta init_boot imeguswa inagoma. Alafu naenda kwenye setingi naruhusu apdeti ishuke na kujisakinisha, ikimaliza inakuomba uwashe upya, usibonyeze! Rudi Magisk, bonyeza sakinisha, chagua sloti isiyotumika baada ya OTA (yaani apdeti iliyoshuka kwa intaneti), ikimaliza washa upya kwa kitufe cha Magisk yenyewe. Basi.

Kuna siku ile ya kurudisha inagoma inakwambia nakala ya asili haipo. Hapo usilazimishe, chukua init_boot halisi ya toleo ulilonalo na uiflashi (uiandike kwenye simu) kwa fastboot, ile njia ya amri kutoka kompyuta, alafu endelea na apdeti. Na ukikosea ukawasha mapema hujaharibu kitu, umepoteza ruti tu, chukua init_boot ya toleo jipya, irekebishe ndani ya Magisk, iflashi kwa fastboot flash init_boot na jina la faili lako, data zote zinabaki. Ila namba ya toleo ifanane herufi kwa herufi, mi niliwahi kuweka ya mwezi uliopita simu ikakwama kwenye nembo, nikarudisha faili halisi ikawaka. Ikikwama kwa sababu ya moduli, shikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka, Magisk inazima moduli zote. Na tafadhali usifunge butiloda ukiwa na ruti, simu haitawaka.

Wa Samsung, kwenu habari ni nyingine, ukifungua butiloda na kuweka faili lisilo lao Knox (mfumo wa usalama wa Samsung) inageuka 0x1, alama ya kuwa simu imeguswa, na hairudi tena milele, hata urudishe mfumo wa kiwandani.

Kuhusu benki niseme ukweli, app ya benki yangu ilikataa. App za benki zinauliza Play Integrity ya Google, huduma inayokagua kama simu haijaguswa, na butiloda ikiwa wazi jibu linakuwa baya hata uifiche ruti vipi, kuna moduli za kuzunguka hilo leo zinafanya kazi kesho hazifanyi na mi sitaki hela yangu itegemee hizo. M-Pesa napiga *150*00# kama kawaida, menyu ya laini haijali ruti. App ya benki nimeihamishia kwenye simu ndogo ya zamani ambayo haijaguswa, inakaa nyumbani.

Kama una Pixel 6 kumbuka yako ni boot, sio init_boot.