Njia yetu ya mlimani: tulipofikia kabla ya masika

Kwa mnaofuatilia mradi wetu wa njia ya miguu hapa milimani Lushoto: kipande cha juu kimekamilika na watu wanapita, cha katikati kinachongwa, cha chini bado ni vigingi na kamba tu. Masika haiko mbali, kwa hiyo kila Jumamosi tunakimbizana nayo.

Njia ya zamani ilishuka mlima moja kwa moja, na maji yakaifanya mfereji wao. Kuna mahali ukisimama ndani, udongo unakufika magotini. Watu wakikuta korongo wanapita pembeni, nyasi zinakufa, na korongo la pili linaanza. Kufukia ni kazi bure, mvua moja tu inabeba kila kitu. Ndiyo maana tumeamua njia mpya ikate ubavu wa mlima.

Kupima tunatumia fremu ya A, ile ile ya mabwana shamba: miti miwili ya miguu iliyofungwa pamoja juu, mmoja wa kukingama, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Miguu imeachana mita 2. Tulipokwisha kuweka alama ya katikati kwenye mti wa kukingama, fremu ikiwa penye usawa, tukakata mguu mmoja sentimita 16. Sasa mguu mfupi ukikaa upande wa juu na uzi ukatulia kwenye alama, mwinuko ni karibu asilimia 8. Unapiga kigingi, unasogea. Vijana wameipenda kuliko programu ya simu, na haiishiwi chaji. Kanuni tunayoishika ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuivuka. Ukingo wa nje nao tunaushusha kidogo, kama sentimita 5 kwa njia ya upana wa mita 1, na kila baada ya hatua kadhaa njia inazama kidogo kisha inapanda tena, maji yatokee hapo.

Mkutano wa kijiji ndio ulichukua muda. Mzee mmoja aliuliza kama haya si yale matuta ya mkoloni. Hakuwa anatania. Mradi wa Bonde la Mlalo, wa serikali ya kikoloni wa kuhifadhi udongo huku kwetu, ulianza mwaka 1946, watu wakalimishwa matuta kwa amri, na katika miaka ya 1950 waliupinga mpaka ukaachwa. Tukakubaliana kwamba msaragambo huu, yaani kazi hii ya pamoja, ni wa hiari, asiyefika hatozwi kitu, na njia haiingii shamba la mtu bila ridhaa yake. Kijito tunakivuka mara moja tu, penye mwamba, na kwingine kote tunakaa mbali nacho, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Halafu zikaja kona, pale njia inapogeuka kurudi upande wa pili wa ubavu. Bibi mmoja alipita na mzigo wa kuni, akatazama vigingi vyetu.
“Wajukuu zangu, na mzigo huu nizunguke kote huko?”
“Shikamoo bibi. Ni mteremko wa taratibu, magoti hayataumia.”
“Marahaba. Magoti ni yangu. Nitakata hapa.”

Na kweli, mtu akiiona njia ya chini kutoka kwenye kona atakata tu, hata umwekee miiba. Kona mbili tumezihamishia nyuma ya mawe makubwa, ambako huoni unakoelekea. Kwa bibi na wenzake, kwenye kona ile aliyosema ataikata, tumebakiza kipande kifupi cha njia ya zamani, tukakiwekea ngazi za mawe na, juu yake, kinga maji ya kuyaelekeza maji pembeni. Kitaalamu haipendezi sana, lakini nadhani ndiyo kona pekee itakayodumu.

Kinachotusumbua sasa ni bodaboda. Wameshakigundua kipande cha juu, na tairi inapozunguka kwenye udongo mbichi inachimba mtaro papo hapo. Wengine wanataka tuweke mawe mawili mlangoni ili pikipiki isipenye. Lakini toroli nalo halitapenya, na mawe ya ngazi za chini bado hatujayapeleka. Suala hilo linakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji wiki hii. Jumamosi tunaendelea kuchonga cha katikati. Majembe yapo, sururu hazitoshi.