Huna Visual Studio ya kulipia? Databesi utaiunganisha tu

Naandika hii kwa wale wanaojifunza kutengeneza programu za desktop na kompyuta zao za zamani hazibebi Visual Studio mpya (programu ya Microsoft ya kuandikia programu), wanatumia ile Express ya 2008, toleo lake la bure, halafu wakifungua wizadi (dirisha la kukuongoza hatua kwa hatua) ya kuongeza databesi wanakuta inakubali mafaili tu, la Access au la SQL Server (zote databesi za Microsoft) lililopo kwenye mashine hiyohiyo, seva ya mbali haipo kabisa kwenye orodha. Wengi wanaishia hapo wakiamini toleo la bure haliwezi. Linaweza jamani! Kilichobanwa ni wizadi, sio lugha. SqlConnection, kile kipande kinachounganisha programu na SQL Server, ipo kamili ndani ya .NET (maktaba ya Microsoft ambayo programu yako inaitumia), inachotaka ni koneksheni stringi tu, yaani mstari mmoja unaosema seva iko wapi, databesi inaitwaje na unaingia kwa akaunti gani.

Sasa huo mstari ndio unatesa watu, ukikosea herufi moja imekula kwako. Fanya hivi: tengeneza faili tupu kwa Notepad, liite jaribio.udl (hakikisha Windows haijaficha .txt mwishoni), libofye mara mbili. Dirisha litafunguka, chagua provaida (kiunganishi cha aina ya databesi yako), andika jina la seva, chagua databesi, bonyeza Test Connection. Ikikubali bonyeza OK, fungua faili hilohilo kwa Notepad, mstari wa mwisho ndio stringi yako imeshaandikwa. Kopi, ila kwa SqlConnection futa kile kipande cha Provider= maana haikitambui na itagoma. Na kama uliruhusu paswedi ihifadhiwe, imo humo wazi kabisa, kwa hiyo lifute faili ukimaliza.

Hakuna cha kuinstall, dirisha linakuja na Windows yenyewe. Naipenda hii njia kwa sababu ikigoma hapo unajua shida iko kwenye seva, mtandao au ulichojaza, huna haja ya kukesha na kodi ya programu yako.

Ikigoma kwa SQL Server Express iliyo mashine nyingine, angalia kwanza TCP/IP (njia ya seva kupokea koneksheni za mtandao), mara nyingi inakuja imezimwa, iwashe kwenye SQL Server Configuration Manager halafu uristati sevisi. Kwa faili la Access la .mdb, provaida yake Jet 4.0 ni ya biti 32 tu, basi programu yako ikompaili kama x86 (yaani biti 32) hata kama Windows ni ya biti 64.

Kama mtumiaji ni mmoja na mashine ni moja, mi nashauri achana na seva, chukua SQLite, databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja, lugha ya Python inayo ndani tangu toleo la 2.5 la 2006. Ila faili lake usiliweke kwenye folda ya kushea watu wakaliandikia kwa pamoja, linaweza kuharibika.

Na tafadhali usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye kweri (amri unayotuma kwa databesi). Sisi wa Kiswahili tunaumia mapema, mtu akijaza ng'ombe tu ile alama ya ' inafunga stringi katikati na INSERT, amri ya kuingiza data, inakufa. Tumia parameta, yaani alama inayoshika nafasi ya maneno ya mtumiaji, @jina kwenye .NET au ? kwenye sqlite3 ya Python, na hapo hata anayejaribu kukupenyezea DROP TABLE (amri ya kufuta jedwali zima) kwenye kisanduku cha jina, itahifadhiwa kama jina tu.