Godauni la Themi: jinsi chokaa na dereva wa semi walivyonipatia kibali

Arusha ukisema unataka kugeuza godauni kuwa kituo cha michezo na sherehe za watoto, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: "Kata leseni ya biashara, fungua, mengine yatajipa." Nimeusikia kwa dalali, kwa mhasibu, hata kwa mtu mwenye ukumbi wake wa harusi. Ni ushauri wa hovyo. Leseni inakuruhusu kufanya biashara, lakini haigusi matumizi ya "viwanda" yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja. Siku jirani akichoka na muziki wako, au mtoto akivunjika mkono na watu wa bima wakaomba nyaraka, hati ndiyo itakayofunuliwa kwanza. Mimi nimebadili matumizi kihalali, na kituo kiko wazi pale viwandani Themi.

Kwa nini viwandani? Kwa sababu majumba ya kurukia, yale ya kujazwa upepo, mengine yanapanda mita tano, na nyumba ya kawaida ya Njiro au Sakina hailipokei jumba la namna hiyo hata ukibomoa dari. Godauni lina paa la juu, nafasi isiyo na nguzo katikati, na umeme wa fezi tatu. Halafu kuna masika, na baada ya masika baridi ya Juni na Julai. Mzazi wa Arusha anajua sherehe ya bustanini miezi hiyo ni bahati nasibu.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Kinachoombwa kinaitwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na mwombaji ni mwenye hati, siyo mpangaji. Mpangaji utahangaika na makaratasi yote, lakini saini ni ya mwenye kiwanja. Kwa hiyo kama hati bado ina jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa, usijitese, tafuta godauni jingine. Deni la kodi ya pango la ardhi nalo linasimamisha kila kitu, na wenye magodauni wengi wana madeni ya miaka. Mdai risiti ya mwaka huu kabla hujampa hata shilingi ya kushika nafasi.

Faili lenyewe halina maajabu: barua ya maombi, nakala ya hati, risiti, michoro, maoni ya mtaa na kata, tangazo gazetini na bango kwenye kiwanja. Afisa mipango miji anakuja kukagua, suala linakwenda kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji, kisha wizarani, halafu hati inatolewa upya. Gazeti peke yake ni laki kadhaa, uwe nazo mkononi. Bango usiandike kwenye bati. Wakusanya chuma chakavu watalibeba usiku na utaambiwa hukutangaza. Tumia plaiwudi, ipigilie juu kuliko mkono wa mtu, na kila wiki ipige picha inayoonyesha bango na geti pamoja.

Sasa nifike kwenye palipokuwa pagumu. Dalali aliniletea mchoraji "wa uhakika". Mchoraji yule alichukua mchoro wa ukumbi wa harusi aliokuwa nao kwenye kompyuta, akabandika jina la kituo changu juu, akapanga maegesho ishirini na kitu mbele ya jengo kama meno ya kitana. Kwenye karatasi yalipendeza. Tatizo ni kwamba uwanja ule wa mbele tunautumia pamoja na jirani mwenye kiwanda cha mbao, na semi inayoleta magogo inageuzia pale pale. Kontena la futi 40 peke yake lina mita 12 na ushee, bado hujahesabu kichwa cha gari. Maombi yalirudi na swali moja tu: watoto wanashukia wapi wakati lori linarudi rivasi? Mchoraji alinishauri nipunguze maegesho matano. Dalali alinishauri nimwone mtu. Nikaachana nao wote wawili.

Nilinunua mifuko ya chokaa, ile ya kupaka kuta, na kijana mmoja akachora maegesho yote chini kwa ufagio, kipimo kwa kipimo: mita 2.5 kwa 5 kila gari. Kisha nikaongea na dereva wa jirani, mzee mmoja mtaratibu ambaye utingo wake ndiye mwenye kelele. "Mzee, shikamoo. Naomba ugeuze kama unavyogeuza siku zote, usinionee huruma." Akaingia, akapiga kona, akarudi rivasi huku utingo akigonga bodi na kupiga mluzi. Alipotoka, chini kulikuwa na ushahidi ambao hakuna mchoraji angeweza kuutoa: mistari ya upande wa kushoto yote imesagwa, chokaa imeburutwa na matairi ya nyuma ya tela. Matairi hayo hukata kona kwa ndani zaidi ya yale ya kichwa, na hapo ndipo michoro mingi ya maegesho hudanganya. Upande wa kulia, karibu na ukuta, chokaa ilibaki nyeupe kabisa.

Pale palipobaki peupe ndipo maegesho yalipo leo. Yalikuwa machache kuliko ya mchoraji, lakini hayabishiki. Nilipanda juu ya tangi la maji nikapiga picha kabla na baada, mchoraji mwingine akaziweka kwenye mchoro mpya pamoja na njia ya lori kwa rangi nyekundu. Nyuma ya jengo kulikuwa na geti dogo lililozibwa kwa tofali, linaelekea barabara ya mtaa ambako bajaji na vifodi vinapita. Tukalizibua. Watoto wanaingilia huko, malori hayana njia ya kufika. Jirani akasaini makubaliano ya saa: kupokea magogo asubuhi siku za kazi, mimi kufungua mchana, na Jumamosi na Jumapili uwanja ni wangu. Baada ya hapo kikao hakikurefuka.

Ushauri mwingine mbaya ulihusu milango. Fundi aliapa kwamba mlango wa shata, lile bati kubwa linalojikunja juu, unatosha kuwa mlango wa dharura kwa sababu "hata lori linapita". Jeshi la Zimamoto na Uokoaji halikubali hilo, na lina haki. Shata likipinda reli au umeme ukikatika, haliinuki, na mtoto wa miaka minne hawezi kuinua. Inayotakiwa ni milango inayofungukia nje, isiyo na kufuli wakati watu wamo ndani, kwenye pande tofauti za jengo, yenye komeo la kusukuma linaloachia hata ukiliegemea kwa kiuno. Kutoboa ukuta wa tofali za saruji na kuweka linta, ile boriti ya juu ya mlango, ni kazi ya kibali cha ujenzi, kwa hiyo iingize kwenye michoro mapema, usisubiri ukaguzi. Weka pia taa za njia ya kutokea zenye betri zake.

Sponji ya kutandika wanapochezea watoto ndiyo hatari niliyoihofia zaidi. Inashika moto haraka na moshi wake una sumu. Muuzaji atakwambia yake haiwaki. Omba cheti, na mwombe kipande cha ukubwa wa kiganja, kakiwashe nje kwenye mchanga. Kikidondosha matone yanayowaka, mrudishie.

Umeme nao: kila jumba la upepo lina feni inayofanya kazi muda wote, ya kilowati moja hadi moja na nusu. Umeme ukikatika jumba linaanza kulala na watoto wamo ndani. Jenereta ya kuwashwa kwa mkono haitoshi, weka inayojiwasha, na bado kila jumba liwe na msimamizi wa kutoa watoto. Nililiandika hilo kwenye maelezo ya maombi ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kabla ya yote hayo, uliza godauni lilihifadhi nini. Arusha ni mji wa mashamba ya maua, kahawa na mbogamboga, na maghala mengi yamewahi kubeba viuatilifu. Zege linafyonza sumu hiyo, na mtoto anatambaa, analamba mikono. Nililikataa godauni moja la bei nzuri kwa harufu tu. La pili lilikuwa na paa la asbesto. Ukitoboa asbesto ili uning'inize nyavu na mapambo, nyuzi zake zinaingia mapafuni, na kuliondoa ni kazi ya taka hatarishi yenye vibali vyake. Hata nilipolipata lenye bati la kawaida sikuning'iniza kitu juu. Nyavu zote zinashikiliwa na fremu ya mabomba inayosimama chini yenyewe. Mkaguzi anaiona, na siku nikihama naifungua naondoka nayo.

Mkataba wa pango niliuandika kabla ya kupeleka maombi, nao una vipengele viwili vilivyomkera mwenye godauni. Cha kwanza, kodi ninayomlipa ya godauni inaanza kuhesabiwa siku matumizi mapya yakiidhinishwa, na kabla ya hapo nalipa kidogo cha kushikilia. Cha pili, nyongeza ya kodi ya pango la ardhi itakayoletwa na matumizi mapya ni yake, kwa sababu kiwanja kinachopanda thamani ni chake. Alivuta pumzi, akaguna, akasaini. Hati mpya ilipotoka alikuja kutaka mkataba uongezwe bei, nikamfungulia ukurasa wenye saini yake.