Siku moja maishani mwangu: leo nashusha seva ya imeili

Saa moja asubuhi nimesimama kwenye daladala ya Posta, simu inaniambia diski ya seva, kompyuta inayopokea na kutuma imeili za ofisi, imejaa asilimia 91. Ndo maana leo tunahamia diski kubwa zaidi. Mpaka saa kumi jioni ni printa, pasiwedi zilizosahaulika, printa tena. Tangazo la kuzima imeili nililituma Jumatano, jana nikarudia, leo nikabandika na karatasi kwenye lifti.

Saa mbili kamili usiku kidole kiko juu ya Enter, simu inaita. Dada wa uhasibu. "Kaka nisubiri dakika tano tu, natuma ankara." Haya. Mara faili kubwa, mara kakosea anwani, mara bosi anataka aisome kwanza, saa tatu kasorobo bado niko pale pale na yeye ananiuliza "kwani kuzima si unabonyeza tu swichi?" Swichi! Ingekuwa swichi ningekuwa Mbagala nimeshalala saa hizi.

Katuma, nacheki postqueue -p, amri ya kuonyesha imeili zinazosubiri kutoka, ankara yake bado iko foleni, nasubiri hadi itoke. Ndo napiga systemctl stop postfix, amri ya kuzima postfix, huyo ndo mpokeaji na mtumaji, akilala hakiingii kitu. Kisha dovecot, anayewafungulia watu masanduku yao, maana ukimwacha macho mtu yuko kitandani anafuta imeili huku wewe unanakili, kopi inatoka haieleweki. Nahakikisha mlango wa 25, imeili zinapoingilia, na wa 993, watu wanaposomea, yote kimya, naanza kunakili masanduku kwenda diski kubwa.

Na wanaouliza kama imeili zinazotumwa seva ikiwa imezimwa zinapotea: hapana, hazipotei jamani, nimeeleza mpaka koo limekauka. Seva ya anayetuma inazishika kwake inajaribu tena na tena, postfix kwa mfano usipoibadilisha inang'ang'ania siku 5 ndo imrudishie mwenyewe.

Baada ya hapo saa sizijui. Kopi imefika asilimia 60, mlinzi kaniletea chai ya tangawizi, asilimia 74, nimesinzia nikaamka nina alama za kibodi shavuni. Alfajiri nikawasha dovecot kwanza halafu postfix, imeili zikaanza kuingia moja moja, hakuna aliyejua kama kuna kitu kilizimwa.

Saa kumi na mbili WhatsApp inalia. "Kaka shikamoo, ile ankara ya jana nilikosea, unaweza kuirudisha?"