Kola wiki tatu, fizio miezi minne: shingo yangu baada ya ajali ya bajaji

Mi ni fundi cherehani, kaofisi kangu kako Sinza, kwahiyo shingo ndo ofisi yenyewe, anayeinama kwenye mashine kutwa nzima atanielewa. Novemba 2022 nlikua natoka Manzese kuchukua vitambaa, bajaji imesimama kwenye foleni ya Shekilango, mara nyuma ikaja Noah ikatubamiza. Wala sio ajali ya kutisha, hamna aliyetoka damu, dereva wa Noah akashuka akasema samahani dada, akanipa elfu hamsini, akaondoka na mpaka leo sijamuona tena. Ila ukikaa kiti cha nyuma cha bajaji angalia vizuri, mgongo wake unaishia mabegani, cha kuzuia kichwa hakuna, kwahiyo mwili ulienda mbele na kiti, kichwa kikabaki nyuma alafu kikarushwa mbele kama ncha ya fimbo.

Siku ile sikuumwa kitu, nkashona mpaka saa nne usiku. Asubuhi nkashindwa kunyanyua kichwa kwenye mto, ikabidi nikishike kwa mikono miwili kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga. Kichwa kinagonga kwa nyuma huku kisogoni, nikigeuka kuangalia nani kaingia nageuka mwili mzima kama mnara wa taa.

Hospitali daktari aliniuliza kama mikono inakufa ganzi, akabonyeza mfupa katikati ya shingo, akasema geuza kulia geuza kushoto, kisha eksirei. Eksirei ikatoka safi. Akaandika wiplashi, yani shingo kuumia kwa kichwa kurushwa ghafla nyuma na mbele, akanipa diklofenaki ya maumivu na kola ya shingo ile ya sponji, nenda kapumzike. Basi mi nkaona kama kola ndo dawa yenyewe, nkaivaa usiku na mchana, wiki tatu nzima, hata kula nakula nayo. Na kweli nikiivaa nilikua napata nafuu, tatizo nikiivua kichwa kinakua kizito kama ndoo ya maji, yani shingo imesahau kazi yake.

Hapo katikati nkafanya ujinga mwingine, ntausema ili mtu asirudie. Kinyozi wa mume wangu ni yule anayemaliza kunyoa anakufanyia masaji alafu anakunyonga shingo inalia ka! Nkaambiwa akikunyoosha mara moja tu umepona. Alininyonga kulia ikalia, kushoto ikalia, nkainuka nasikia raha, usiku ule ule dari ikaanza kuzunguka na kizunguzungu kikakaa siku nne. Mama mkwe nae alinichua na mafuta ya nazi kila jioni, hiyo sina ugomvi nayo, ilikua inanilaza usingizi.

Wiki ya tano mteja wangu mmoja ndo kanielekeza kwa kijana wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, kasomea KCMC kule Moshi, kana ofisi kadogo tu, kitanda, kioo na mipira ya rangi rangi. Bima yangu ilikua imekwisha kwahiyo nlikua nalipa mfukoni elfu ishirini kila nikienda. Nlienda nikitegemea mashine za umeme na kuchuliwa, kumbe cha kwanza kanipa karatasi. Maswali kumi: maumivu, kuvaa na kuoga, kubeba vitu, kusoma, kichwa kuuma, kutuliza akili, kazi, kuendesha, kulala, starehe. Kila swali unajipa sifuri kama hamna shida mpaka tano kama hali ni mbaya kabisa, jumla hamsini. Kwenye kuendesha mi sina gari, akasema weka safari zako za bajaji. Nkapata 28. Akachukua kifaa cha kupimia nyuzi, shingo kulia ikafika 35, kushoto 50, na mtu mzima wa kawaida anafika karibu 80.

"Mama Naima," akaniambia, "eksirei inaonyesha mifupa, msuli na mishipa inayoshikilia mifupa haionyeshi, kwahiyo eksirei safi haimaanishi unaigiza." Aisee nlitaka kulia, maana nyumbani walishaanza kusema natafuta sababu ya kumwachia kazi zote dada wa kazi. Akanieleza hii kitu ina madaraja, wataalamu wa Kanada waliyapanga mwaka 1995, sifuri mpaka nne, nne ni shingo imevunjika au mfupa umehama, tatu mishipa ya fahamu imeguswa, mimi niko la pili, maumivu na shingo haigeuki na ukibonyezwa unaruka. Alafu akasema ukweli ambao hospitali sikuambiwa: karibu nusu ya watu wanapona ndani ya miezi mitatu hivi, karibu nusu bado wanalalamika hata baada ya mwaka, na anayeanza na maumivu makali ndo yuko kwenye hatari zaidi ya kubaki nayo. Nkamuuliza na mimi 28 je? Akasema wewe tufanye kazi.

Kazi yenyewe ilikua ya kuchosha kwa sababu haionekani. Unalala chali, anakunja mkanda wa mashine ya presha anakuwekea chini ya shingo, anaujaza mpaka 20, unatikisa kichwa kidogo sana kama unasema ndiyo kwa mtu aliye mbali, mshale upande 22, shikilia sekunde kumi, pumzika, 24, hivyo hivyo mpaka 30. Mi nilikua nafika 24 misuli ya mbele inaanza kutetemeka. Nyumbani nafanya bila mkanda, pamoja na kurudisha kidevu nyuma, kuangalia begani kulia na kushoto, kubana mbawa za mgongo, dakika kumi mara tatu kwa siku. Kola akaniambia itoe, sio kesho, leo. Nkaipasua, sponji nkatengenezea kibanio cha kuchomekea pini, kipo mezani mpaka saiv.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni tochi. Ule mwekundu wa leza wanaochezea watoto, elfu tatu mtaani, nkashona mkanda wa kichwa wenye mpira kama wa sketi, tochi inakaa juu ya paji. Unakaa kwenye kiti sentimita 90 kutoka ukutani, umebandika karatasi yenye duara, doa jekundu likae katikati, unafumba macho, unageuza kichwa mpaka mwisho, unarudi unapodhani ndo katikati, unafungua macho. Nkachukua futi yangu ya kazini nkapima: sentimita 12! Yani kichwa changu kilikua kinaniambia kiko katikati na hakipo. Fizio akasema mtu wa kawaida anakosea chini ya 7, na hicho ndo kinachangia kizunguzungu. Naima na mdogo wake wakawa wanasimamia zoezi kama refa, mama umekosa tisa, mama umekosa nane, nadhani bila wao ningeacha wiki ya pili.

Nilirudi nyuma mara mbili. Ya kwanza Disemba, oda za sikukuu, nkashona masaa kumi mfululizo, siku mbili nkalala. Fizio hakunigombeza, akauliza tu meza yako iko urefu gani. Tukaweka tofali mbili mbili chini ya miguu ya meza, simu ikawa inalia kila baada ya dakika ishirini nainuka nageuza shingo alafu narudi. Ya pili sio ya mwili. Nlikua nikisikia honi nyuma mabega yanapanda yenyewe, usiku naota ile Noah. Nilidhani hayo hayamhusu mtu wa mazoezi, ila alipouliza kuhusu usingizi nkamwaga yote, akasema mwili unaotegemea kugongwa muda wote misuli yake hailegei, na ikizidi atanielekeza kwa wa ushauri. Haikuzidi. Tulianza kwa kukaa kwenye bajaji ya jirani imezimwa, alafu mpaka dukani, alafu Shekilango yenyewe mchana kweupe.

Mambo ya hela sasa. Nlidhani kadri unavyoenda mara nyingi ndo unavyopona. Wiki ya tatu kwake akaniambia njoo mara moja kwa wiki, baadae kila baada ya wiki mbili, nkashangaa, mfanyabiashara gani anafukuza mteja. Baadae mdogo wangu anayesoma udaktari akanitafsiria utafiti wa Australia wa 2014, watu 172 wenye shingo sugu, wengine wakapewa vipindi 20 vya mazoezi, wengine kikao kimoja cha nusu saa cha ushauri na kupigiwa simu, mwisho wa siku maumivu hayakutofautiana kwa maana. Uingereza nao mwaka mmoja kabla walilinganisha vipindi sita na kimoja, vya sita vikasaidia kidogo mwanzoni alafu baada ya mwaka tofauti ikapotea. Mi siwezi kusema fizio haina maana, bila yule kijana ningekua bado na kola. Ila nimeelewa kwamba nlikua namlipa anielekeze, kazi nyingine ilikua ya kwangu na ya Naima na tochi. Jumla nilienda mara tisa, laki na themanini.

Wiki ya sita kwake nkajaza karatasi tena, 17. Baada ya miezi minne, 7. Shingo kulia 70, kushoto 72, doa jekundu linaangukia sentimita 4 au 5. Hizo 7 zimebaki wapi nawaambia: mbili za kazi, nikishona mashela yenye shanga zaidi ya masaa matatu kisogo kinanikumbusha, mbili za kichwa kuuma, moja ya kulala, moja ya kubeba, napeleka mkono wa kushoto tu kwenye ndoo. Na moja ya safari. Bajaji napanda, ila taa nyekundu zikiwaka namwambia dereva kaka jisogeze karibu na gari la mbele, alafu nageuka kuangalia nani anakuja nyuma, na nageuka kwa shingo, sio mwili mzima.